Kizibao Kilichomtosha Kila Mtu ila Rebeka

Saa moja asubuhi, na uani kwa Rebeka huko Likombe bibi harusi anadonoa mahindi.

Bibi harusi huyo ni kuku mweupe. Rebeka anatembea kinyumenyume mbele yake, amevaa kizibao cheusi chenye mikanda mingi kuliko punda wa mkokoteni, na kifuani pake umechomoza mkono wa chuma wenye springi. Mwisho wa mkono huo imesimama fimbo, na juu ya fimbo, mahali pa kamera, umefungwa mfuko wa unga wa sembe. Kila hatua Rebeka anadondosha punje. Kuku anafuata.

Nyuma yake yupo mama mkwe wake, Bibi Yustina, ameshika mkanda wa kiunoni kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mlevi asiingie barabarani.

"Kulia kuna ndoo," anasema Bibi Yustina.

"Nimesikia, mama."

"Kusikia si kukwepa. Njoo kushoto."

Mfuko wa unga unapita hewani taratibu. Mguu wa Rebeka unashuka shimoni, unapanda, na unga wala haujui. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti amesimama mlangoni muda mrefu, na sasa ni dhahiri kwamba kiberiti amekisahau.

"Wanadhani nimechanganyikiwa," anasema Rebeka akijifuta jasho kwa kiganja. "Wacha wadhani. Leo alasiri huyu kuku atakuwa Fatemazehra, bibi harusi mwenyewe. Nikiyumba mbele yake, hapa mjini kazi ya video nimeiaga."

Rebeka ana miaka thelathini na minne na ni mpiga video wa harusi. Baba yake, mwalimu kutoka Singida, alihamishiwa Mtwara akiwa na mke, masanduku mawili na binti huyu mgongoni, na hakuhamishwa tena. Kazi ya kamera Rebeka alijifunzia Dar es Salaam kwa shangazi yake aliyekuwa na studio ya picha, akarudi Mtwara mwaka 2001 na kamera moja anayoifunika kanga usiku kama mtoto mwenye mafua.

Wapiga video wanaume wapo mjini, tena wengi. Lakini Mtwara na Mikindani zipo sherehe ambazo mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia: wanawake peke yao, vichwa wazi, hina mikononi, na mambo yanayosemwa humo yanabaki humo. Hapo ndipo kamera ya Rebeka inapopata mlo wake. Akitoka humo anahariri mwenyewe, anakabidhi kanda mwenyewe, na akiulizwa ameona nini anajibu kwamba ameona wali.

Ujira si wa kujengea ghorofa. "Harusi moja inanilipia ada ya binti yangu Agnes na inabakiza ya sabuni," anasema. "Zikija mbili kwa mwezi, tunakula nyama bila kungoja sikukuu. Isipokuja hata moja, tunamshukuru Mungu kwa mchicha."

Na sasa turudi kwenye kizibao, maana ndicho kilichotuleta.

Mume wake, Elisha, ni mtu wa winchi bandarini. Mwaka jana alikwenda kwenye mnada wa vitu vilivyosahauliwa na wageni, akarudi na begi kubwa na tabasamu kubwa zaidi.

"Aliniambia, 'Mama Agnes, nimekuletea jaketi la kuokolea maisha, siku tukivuka Ruvuma usizame,'" anasimulia Rebeka. "Nikalinyanyua. Nikamwambia, 'Baba Agnes, hili litanizamisha hata nikiwa sebuleni.'"

Rebeka ndiye aliyelitambua. Aliwahi kuona picha yake studioni kwa shangazi. Kamera ukiishika kwa mkono, kila hatua yako inaonekana kwenye picha, na mtazamaji anahisi yupo ndani ya gari bovu. Lakini ukivaa kizibao hiki, uzito unabebwa na mwili, springi zinameza hatua, na picha inaelea. Wageni waliokuja Msimbati kupiga filamu ya matumbawe ndio waliokiacha.

Mvaaji wake wa kwanza, kwa jinsi kilivyokatwa, alikuwa mwanamume mrefu, mpana, na asiye na matiti. Rebeka ni mfupi, mwembamba, na anayo.

"Ubao wa kifuani ulinikandamiza mpaka nikawa naongea kwa kukohoa," anasema. "Mkanda wa kiunoni ulinizunguka ukabaki na salio. Mabega yakabeba kila kitu. Na ule mkono, ukiuachia, haukai. Unakwenda zake kushoto."

Mtambo huu una tabia hiyo. Usipokaa sawa na mwili wa anayeuvaa, unaegemea upande, na ukiegemea upande, kamera inakwenda kule inakotaka.

Rebeka aliyajua hayo kwa njia ya aibu. Alikivaa mara ya kwanza kwenye harusi moja ya ukumbini, Shangani. Bibi harusi alikaa kulia. Meza ya chakula ilikuwa kushoto. Kamera ikachagua chakula.

Kanda nzima ilikuwa masufuria. Bwana na bibi harusi walionekana wakiingia na wakaonekana wakitoka, na katikati palikuwa na pilau. Mbaya zaidi, picha ilikuwa nzuri mno, na ukoo mzima ukamwona baba mdogo wa bwana harusi akipakua mara tatu, mara ya tatu akitazama nyuma kwanza. Huyo baba mdogo hasemi na Rebeka hadi leo. Na mjini ile harusi ina jina lake: Harusi ya Sufuria.

Basi Rebeka akabeba kizibao chake hadi kwa fundi Saidi, Mikindani.

Fundi Saidi anashona viatu, mabegi, na viti vya pikipiki, na hakuna ngozi iliyowahi kumshinda. Ana mkono mwepesi, tumbo zito na adabu nyingi, na hizi adabu ndizo zilizoleta balaa. Kurekebisha kizibao kunataka kumpima mtu kifua, mbavu na nyonga. Fundi Saidi alitazama utepe wake wa kupimia, akamtazama Rebeka, akatazama juu ya bati.

"Mama Agnes, wewe ni mke wa mtu," alisema.

"Najua, fundi. Nilikuwepo siku ile."

"Mimi huko siwezi kupita na utepe."

"Sasa utarekebishaje?"

"Niachie. Nitajua."

Alichojua ni kukivaa yeye mwenyewe. Akakaza hapa, akatoboa pale, akakata ukanda, akaongeza sponji, huku akitembea mbele ya kibanda chake na kujigeuza kwenye kioo cha pikipiki ya mteja. Rebeka aliporudi, kizibao kilikuwa kazi safi isiyo na dosari. Kilimkaa fundi Saidi kama ngozi yake.

"Mtu akikiona kwangu anasema nimezaliwa nacho," anakiri fundi Saidi, na hana haya ya kulisema. "Nilimwambia mama Agnes, tatizo si kizibao. Wewe huna tumbo."

Adabu ya fundi ilikuwa na tawi jingine. Hakupenda kutaja kiuno cha mwanamke mbele ya wateja. Ule mkanda mpana wa chini, unaobeba uzito, akautafutia jina la heshima. Akauita mkaja.

Kwa watu wa bara wasiojua, mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, ili tumbo lirudi mahali pake. Fundi hakuwa na nia mbaya. Mkanda mpana, tumboni, kwa mwanamke: aliona jina limetosha. Kila Rebeka alipokuja alimsalimia kwa sauti ya kiungwana: "Karibu, mama Agnes. Mkaja bado unakusumbua?"

Na Rebeka, aliyekwisha kuzoea, anajibu: "Bado, fundi. Unapanda juu."

Pembeni ya kibanda hicho anauza vitumbua dada mmoja anayeitwa Maria. Maria ni mtu mwema, ana masikio mazuri, na ana shemeji anayefanya kazi ya ukondakta katika basi liendalo Songea. Songea ndiko alikozaliwa Elisha. Songea ndiko alikokuwa akiishi Bibi Yustina, ambaye amekuwa akiulizia mjukuu wa pili tangu wa kwanza alipoanza kutambaa.

"Nilijua wamemficha yule bibi," anajitetea Maria, akigeuza kitumbua. "Vijana wa siku hizi hata mimba wanaifanya siri ya serikali. Nikamwambia shemeji, fika kwa bibi Yustina, mpe pongezi, mwambie mkwewe kafungwa mkaja ila unapanda juu, hajapata mtu wa kumkaza. Sikuongeza neno. Labda kwamba mtoto ni wa kiume. Hilo nililikisia."

Wakati habari hiyo ikisafiri kuelekea Songea, Rebeka alikuwa akisafiri kuelekea aibu ya pili.

Alikuwa ameitwa Mikindani, kwenye nyumba ya mawe ya Bibi Dolatkhanu. Familia yake ina duka la vitambaa mjini Mtwara, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilikalia hadi magoti yalipomgomea. Sasa anakaa chini, uani, kwenye kiti cha mikono. Ghorofani kwake hajapanda miaka mingi. Mjukuu wake, Fatemazehra, angeolewa mwezi ule, na alasiri ya wanawake ingefanyika humo humo ndani: bibi harusi avalishwe juu, kisha ashuke ngazi hadi kwa bibi yake.

"Nataka umfuate tangu chumbani," Bibi Dolatkhanu alimwambia. "Mlango, ukumbi wa juu, ngazi zote, mpaka hapa. Usikate. Usitikise. Harusi ya dada yake alikuja mpiga video mwingine, msichana mzuri, lakini nilipotazama nilitapika."

"Nimeelewa, ma."

"Na nimesikia habari ya sufuria."

Rebeka akafungua begi la kizibao.

"Pilau ilionekana nzuri," alisema Bibi Dolatkhanu. "Haya, jaribu nikuone. Kama hutaweza, nampigia mwanangu Abuzar alete mtu kutoka Dar kwa ndege. Sitaki kukusema nyuma, nakwambia mbele."

Jaribio lilikuwa la kusikitisha. Kizibao chenye vipimo vya fundi Saidi kilimpanda Rebeka hadi kwapani alipoinua mguu wa kwanza. Kwenye kona ya ngazi, ambayo ni nyembamba na imelika katikati kwa miguu ya miaka mingi, mkono wa springi ulimkimbia, kamera ikatazama dari, ikatazama ukuta, ikashuka hadi chini na kutulia, imara kabisa, kwenye miguu ya Bibi Dolatkhanu.

Bibi akaitazama ile picha kwenye kioo kidogo cha kamera.

"Hii miguu naijua," alisema. "Sikukuita unipigie miguu. Rudi Ijumaa. Ukirudi hivi hivi, nitakupa chai na nitampigia Abuzar."

Rebeka anasema aliporudi nyumbani siku hiyo alikilaza kizibao kitandani, akakifunika kanga kisishike vumbi, akaenda kukaa jikoni. "Sikulia," anasema. "Nilikata vitunguu."

Akiwa hapo hapo na vitunguu vyake ndipo alipoingia Bibi Yustina.

Bibi Yustina alikuwa ametoka Songea kupitia Tunduru, na kwa mvua zile basi lilikwama mara nyingi kuliko lilivyotembea. Alishuka amejaa matope hadi magotini, ana unga wa ulezi, karanga, chupa ya mafuta ya ufuta, nguo za kichanga, na kuku mweupe wa supu ya mzazi. Hakuketi. Hakunywa maji.

"Shikamoo, mama. Mbona hukutuambia unakuja?"

"Marahaba. Nyie mliniambia? Yuko wapi?"

"Elisha yuko kazini."

"Elisha namjua, nimemzaa. Namuulizia mtoto."

"Agnes yuko shule, mama."

Bibi Yustina alimtazama mkwewe kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba uzazi wakati mwingine huchukua akili. Akampita, akaingia chumbani, na pale kitandani akaona kitu kimelazwa chini ya kanga, kimetulia.

Rebeka alimfuata, akamkuta ameinama. Anasema hajawahi kusikia mama mkwe wake akitumia sauti ile. Bibi Yustina alikuwa akimnong'oneza mgeni wake kwa Kingoni, akimwita kwa jina la babu yake. Halafu akafunua kanga.

Springi zilikuwa zinang'aa.

"Huyu kweli wa Elisha," alisema Bibi Yustina hatimaye. "Chuma kitupu."

Mambo yalipoelezwa, na Maria alipotajwa, na neno mkaja lilipofuatwa hadi kinywani mwa fundi Saidi, Bibi Yustina aliketi kitandani kando ya kizibao, akavua viatu vyake vya matope, akakaa hivyo hadi Elisha aliporudi. Chakula alikikataa. Elisha alimpigia magoti, akaambiwa atoke kwenye mwanga. Rebeka naye, kwa kutojua aseme nini, akasimulia kila kitu: sufuria, fundi, ngazi, miguu ya Bibi Dolatkhanu, Abuzar na ndege yake.

Bibi Yustina alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo huna mtoto," alisema.

"Sina, mama. Nisamehe."

"Na hicho kitu hakijakaa kwa sababu fundi anaogopa kukushika."

"Ndiyo, mama."

"Basi simama. Mimi nimetoka Songea kuja kufunga mkaja. Siwezi kurudi na mikono mitupu."

Akafunga. Jaribio la kwanza lilikuwa la kizazi cha zamani: alimkaza kama aliyejifungua mapacha, goti mgongoni, na Rebeka akawa anajibu maswali kwa kupepesa macho. Wakalegeza. Jaribio la pili, Bibi Yustina aliamua kwamba tatizo ni ukavu, akazipaka springi, skrubu na mikanda mafuta ya ufuta. Kila kitu kikateleza. Kwa siku mbili Rebeka alinuka kama chapati, na paka wa jirani akahamia.

Lakini mikono ya Bibi Yustina ilikuwa na ruhusa ambayo utepe wa fundi Saidi haukuwa nayo. Iliingia chini ya mkanda ikapapasa uzito ulipokaa, ikagundua kwamba umekaa tumboni, mahali palipo laini.

"Tumbo halibebi," alisema. "Mwanamke akibeba mtoto mgongoni anamkalisha wapi? Hapa." Akampiga mfupa wa nyonga kwa ngumi, si kwa nguvu sana. "Shusha."

Wakaushusha mkanda hadi kwenye mifupa ya nyonga. Penye nafasi wakajaza kanga iliyokunjwa, upana wa kiganja. Elisha akaitwa na spana yake, akaambiwa afumbe macho pale pasipomhusu, akajibu kwamba yeye ndiye mume, akaambiwa afumbe hivyo hivyo. Alifupisha upau wa mbele, ubao wa kifuani ukapanda juu ya matiti badala ya kuyakalia, na mabega yakapumua. Zikabaki skrubu mbili pale mkono unapoungana na kizibao, zile zinazoamua mkono uegemee wapi. Elisha akazungusha kidogo. Mkono ukaenda kushoto. Akazungusha tena. Ukamjia Rebeka usoni, unga na yote.

"Mbona unamchokoza," mama yake akamwambia. "Zungusha kama unayetaka kulala humu ndani leo."

Akazungusha kama alivyoambiwa. Rebeka akaachia.

Mfuko wa unga ulibaki hewani mbele yake, umesimama, kama mgeni asiyejua akae wapi. Kuku alikohoa.

"Hapo nilielewa," anasema Rebeka. "Mwaka mzima nilidhani mimi ndiye mdogo. Kumbe sikuwa mdogo. Nilikuwa nimevaa mtu mwingine."

Ijumaa walikwenda wote wawili Mikindani, mkwe na mama mkwe, kwa ajili ya jaribio. Tatizo jipya likajitokeza: ili uso wa Fatemazehra uonekane, Rebeka lazima ashuke kinyumenyume, na mtu anayeshuka kinyumenyume kwenye ngazi zile hana budi kuwa na macho kisogoni. Bibi Yustina akashika mkanda kwa nyuma, akawa macho. Walishuka ngazi zote bila kukata. Bibi Dolatkhanu akakitazama kile kioo kidogo, akaagiza chai, na hakutaja jina la Abuzar. Ile asubuhi ya Likombe, kuku na mahindi yake, ilikuwa baada ya hapo, Jumamosi yenyewe, mazoezi ya mwisho.

Alasiri ikafika. Ua umejaa wanawake, viti vya kukodi, harufu ya hina na ya sambusa. Bibi Dolatkhanu yuko kwenye kiti chake, kanzu mpya, mikono magotini, uso umeelekea chini ya ngazi. Ghorofani, Fatemazehra anatoka chumbani na shangazi zake, macho chini kama desturi inavyotaka, magauni yakisugua ukuta pande zote mbili. Mbele yake Rebeka anarudi nyuma hatua kwa hatua, kamera inaelea. Nyuma ya Rebeka, Bibi Yustina, gauni lake la kanisani na viatu mkononi.

Kilichotokea katikati ya ngazi kila mtu anakisimulia kwa namna yake, lakini kanda ipo.

Walipofika kwenye kona, Rebeka aliinama mbele kidogo kumlinda bibi harusi asitoke kwenye picha, na mkanda ukaanza kupanda. Bibi Yustina aliuona. Alisema, kwa sauti anayodhani ni ya chini:

"Kaza makalio, mwanangu. Inua kichwa. Usiogope, nipo."

Rebeka akakaza, mkanda ukarudi mahali pake.

Fatemazehra naye akakaza.

Hakujua kwamba anayesemeshwa ni mwingine. Alikuwa msichana anayetetemeka, anayeshuka ngazi kwenda kuagana na nyumba yake, na sauti ya mtu mzima kutoka gizani ikamwambia ainue kichwa. Akakiinua. Kwenye kanda anaonekana wazi: mabega yananyooka, kidevu kinapanda, macho yanamtazama bibi yake moja kwa moja kule chini, na anazishuka zile ngazi zilizobaki kama mwenye nyumba.

Shangazi mmoja alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Rebeka hakucheka. Anasema alitaka, lakini springi zingejua.

Siku ya kukabidhi kanda, Rebeka alikuwa na hofu nyingine. Picha ilikuwa shwari. Sauti ndiyo iliyokuwa na makalio. Alipendekeza kuifuta na kuweka muziki.

Bibi Dolatkhanu alitazama kwanza, yeye na wanawake wa nyumbani, mlango umefungwa. Alitazama chumba cha juu. Alitazama ukumbi wa juu, dirisha lenye nondo, mlango wa chumba alicholala alipokuwa yeye mwenyewe bibi harusi. Kisha ngazi. Kwenye ngazi alirudisha nyuma, akatazama tena, akarudisha tena. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, na kila hatua ya kamera vidole vilishuka kidogo.

"Ile ya tatu toka juu bado imebonyea," alisema.

"Ndiyo, ma. Ilikaribia kunitupa."

"Ilinitupa mwaka niliozaa mtoto wa kwanza." Akatazama tena. Zamu hii alifika penye sauti. "Huyu anayesema ni nani?"

"Mama mkwe wangu, ma. Nitamtoa, niweke nyimbo."

"Umtoe aende wapi? Mimi miaka ishirini na miwili nilimwambia Fatemazehra ainue kichwa, hakuinua. Mwache mama aseme."

Kanda ikabaki kama ilivyo. Inasemekana kwamba imekwisha kutazamwa Lindi, Dar, na ng'ambo ya Ruvuma, na wanawake tu, na kwamba kuna mabibi harusi wawili walioposwa karibuni ambao wameuliza kama yule bibi huja pamoja na kamera au analipwa mbali. Bibi Yustina ameuliza swali hilo hilo. Amesema atarudi Songea kuvuna mahindi yake, kisha atarudi Mtwara, na safari hii akija asitafutiwe sababu.

Rebeka ana mpango wake. Kizibao cha yule mgeni mrefu kinakaa, lakini kinakaa kwa kubembelezwa: kanga hapa, kitambaa pale, kila harusi kufungwa upya. Anataka kipya. Anataka fundi Saidi akate ngozi yake mwenyewe, tangu mwanzo, na vyuma vihamishwe kutoka kwenye kile cha zamani. Wiki iliyopita alimpelekea kazi hiyo, akiwa na mama mkwe wake, na Maria akaacha vitumbua viungue ili asikie vizuri.

Fundi Saidi amekubali kwa sharti moja. Ameketi kwenye kiti chake, mgongo kwao, uso ukutani, kalamu mkononi. Bibi Yustina ndiye mwenye utepe.

"Kifua," anasema fundi kwa ukuta.

Bibi Yustina anakitaja, kwa sauti ile ile anayodhani ni ya chini. Mtu wa duka la pili anaacha kuhesabu misumari.

"Mama," anasema Rebeka, "mtaa wote unasikia."

"Si ndio watakaokuona umekivaa?"

"Nyonga," anasema fundi.

Inatajwa. Fundi anaandika, anasita, kalamu juu ya karatasi. "Mama Agnes, hapa kati niongeze kidogo? Mtu hunenepa. Au nipunguze, huenda ukapungua? Nikate nikikisia nini?"

Rebeka anasimama wima katikati ya njia, mikono ameitandaza, utepe umemzunguka, na watu wanapita pembeni yake na baiskeli zao.

"Usikisie, fundi," anasema. "Kata nilivyo."